Mwalimu Aliyenusa Vidole

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya uji, mwalimu wetu wa michezo alitupanga kwenye mstari wa kuanzia mbio akasema neno moja tu: "Vidole!" Tulinyoosha mikono mbele, viganja chini, kama watoto wa madrasa wanaosubiri fimbo ya maalimu. Alianzia kushoto. Alisimama mbele ya kila kijana, akashika ncha ya kidole cha shahada na cha kati, akavileta puani, akavuta pumzi mara moja, akaviachia. "Safi," alisema, akasogea kwa mwingine. Sisi wasichana hakutugusa. Alipita mbele yetu akitutazama machoni, nasi tulijisikia tumenuswa vilevile.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi watumishi nao walipangwa: wapishi, walinzi, watu wa bustani, hata karani wa stoo. Watu wazima wenye wajukuu walinyoosha vidole mbele ya wanafunzi. Wengine walicheka kuficha aibu. Mwalimu hakucheka nao.

Alikuwa akitafuta bangi.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha ualimu, nje ya mji wa Tabora upande wa njia ya Kwihara. Hakipo tena; majengo waligawana watu wengine na uwanja umekuwa shamba la mihogo. Lakini miaka ile, nchi ikiwa bado changa na kila mtu akiambiwa ajitegemee, tulikiona kikubwa kuliko mji wenyewe. Kwenye mlango wa stoo ya michezo palikuwa na ubao mweusi, na juu yake maandishi ya rangi nyeupe aliyoyaandika mwalimu kwa mkono wake: "Mwanamichezo atakayepatikana na bangi ataondoka chuoni siku hiyo hiyo. Mtumishi ataondoka kazini siku hiyo hiyo. Atakayemtetea ni mwenzake." Mvua ikififisha herufi, alizipaka upya. Uwanja wenyewe ulikaa mwaka mzima bila goli la upande mmoja, lakini ubao ule haukufifia kamwe.

Alikuwa mfupi, shingo nene, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, soksi hadi magotini, raba nyeupe alizozisugua kwa chaki. Hakutumia filimbi. Alipiga makofi mawili, na uwanja mzima ukanyamaza. Hakupaza sauti, hata alipokasirika. Sauti ilishuka, na kadiri ilivyoshuka ndivyo tulivyoogopa. Ukimwambia kwa nini umechelewa kumaliza mbio, alikusikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Sababu ni za waliobaki nyuma." Nimefundisha miaka mingi na mimi, na najilaumu kwa mara zote nilizolirudia neno hilo mbele ya watoto wa watu.

Alivuta sigara. Alivuta moja baada ya nyingine, vidole vyake mwenyewe vikawa vya njano kama manjano ya mchuzi. Tulipomuuliza tofauti ya sigara na bangi, alijibu bila kufikiri: "Tumbaku inajenga nchi. Bangi inabomoa." Na kweli, siku za kujitegemea chuo kilikuwa na shamba la tumbaku, kama nusu ya watu wa mkoa ule, na sisi ndio tuliovuna majani na kuyatundika kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia kwa moshi. Msimu wa mavuno utomvu ulitugandia mikononi ukawa mweusi, hautoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Jumatatu tulimnyooshea vidole vinavyonuka tumbaku tupu, naye akainama akanusa akasema, "Safi." Wala hatukujiuliza.

Niseme mema yake, maana alikuwa nayo, na nikiyaficha nitakuwa nimemfanyia alivyowafanyia wengine.

Mimi nilikimbia kwa sababu yake. Baba yangu alikuwa fundi cherehani mtaa wa Isevya, mtu wa msikitini, na aliposikia chuo kimemweka binti yake kwenye timu ya mbio alituma ujumbe nirudi nyumbani. Mwalimu alikwenda mwenyewe, kwa miguu, akakaa kwenye kibaraza na wazee, akanywa kahawa, akasubiri mpaka aulizwe.

"Mzee wangu," alimwambia baba, "binti yako atakimbia amevaa suruali ndefu na kilemba. Atakayemwangalia vibaya atanikuta mimi."

"Na akishinda atapata nini?" baba akauliza.

"Atajua kwamba anaweza."

Baba alicheka, akakubali. Kuanzia siku hiyo mwalimu aliniita Binti, na mimi ningemfuata hata motoni.

Kuna siku mtoto wa mpishi wetu, Mzee Mrisho, alishikwa na degedege mvua ikinyesha, na gari la chuo lilikuwa bovu. Mwalimu alimfunga mtoto mgongoni kwa shuka, akapanda baiskeli, akaendesha kwenye tope lote lile mpaka hospitali ya mjini. Mtoto alipona. Tangu hapo kila Ijumaa Mzee Mrisho alimpelekea sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, na wawili hao walicheza bao nyuma ya jiko, wakitukanana kwa upole kama watani.

Na alikuwa mkweli. Hilo ndilo tulilolijua kwa yakini. Kwenye mashindano fulani pale pale Tabora, timu yetu ya wasichana ilishinda mbio za kupokezana vijiti. Waamuzi walikwisha kutuandika washindi, watu wanatubeba, mwalimu akaenda kwenye meza yao akasema mkimbiaji wa tatu alipokea kijiti nje ya eneo. Mkimbiaji wa tatu nilikuwa mimi. Hakuna mwingine aliyeona. Tulinyang'anywa ushindi, nikalia siku mbili, na chuo kizima kikaanza kusema kwamba neno la mwalimu wa michezo ni sawa na kiapo. Kumbe palepale ndipo tulipomkabidhi kisu.

Chuki yake kwa bangi alinieleza mara moja tu. Ujanani alicheza mpira Dar es Salaam na rafiki yake mmoja, winga, mtu wa miguu ya ajabu. Rafiki huyo alianza kuvuta kidogo kabla ya mechi, kisha kidogo baada ya mechi, na mwisho akaonekana barabarani hana nguo, anaongoza magari. "Nilimwona anavuta mara ya kwanza nikanyamaza," mwalimu alisema. "Ndiyo maana sinyamazi tena." Nilimwamini. Hata leo namwamini. Mtu anaweza kuumia kweli, na akaufanya uchungu wake kuwa sheria ya kuumizia wasiohusika.

Sasa niliseme la kunusa.

Nilirudi pale chuoni miaka michache baada ya kuhitimu, nikiwa mkufunzi kijana wa Kiswahili. Siku moja ofisi ya walimu ilinuka hata tukashindwa kukaa. Panya alikuwa amefia nyuma ya kabati. Tulitoka nje wote, vitambaa puani, mmoja wetu alitapika. Mwalimu wa michezo alibaki ndani peke yake, kiti chake kikiwa kimeegemea kabati hilohilo, anatafuna maandazi na kuandika ratiba.

Nilirudi mlangoni. "Mwalimu, husikii harufu?"

Aliinua kichwa. Alinitazama, akatazama kabati, kisha akatazama andazi mkononi. Nikaona uso wake umebadilika, kama wa mtu aliyeguswa akiwa uchi.

"Harufu ya nini?" akauliza.

Nilisimama pale nikakumbuka mavuno na vidole vyeusi, na Jumatatu zote zile.

Alifunga daftari. "Nilipigwa teke la uso nikidaka mpira," akasema, kwa sauti ile ya kushuka. "Wakanipasua. Tangu wakati huo sinusi kitu. Mke wangu ndiye anayeniambia wali ukiungua."

"Na vidole vyetu?"

"Sikuwa nanusa vidole, Binti. Nilikuwa natazama watu. Mwenye hatia ukimshika mkono unatetemeka. Macho yanakuwa mekundu, hayatulii. Mara nyingi walikiri wenyewe kabla sijafumbua mdomo. Pua ilikuwa ya kuwatisha tu."

"Na wasiokiri?"

Alichukua sigara, akaiwasha, akavuta. "Ulikuwa na darasa saa nne, siyo?" akasema.

Kashindye hakukiri.

Tulikuwa naye kwenye timu nikiwa bado mwanafunzi; alitoka kwa wafugaji wa Igunga, mrefu, mkimya, mwenye hatua ndefu zisizopiga kelele. Mita elfu tano alizikimbia kama mtu anayefuata ng'ombe waliotangulia: hana haraka, halafu unashangaa amekwishafika. Mwalimu alimpenda kuliko sisi wote. Alimnunulia raba, alimwekea yai la kuchemsha bwaloni, na kwenye mashindano ya vyuo yaliyokuwa yafanyike Mwanza jina lake ndilo lililoandikwa mwanzo. Ilikuwa imebaki wiki moja tupande treni.

Jumapili alasiri nilimkuta nyuma ya bweni ameketi juani, amejifunika blanketi. Meno yalikuwa yanagongana.

"Una homa," nikamwambia. "Twende zahanati."

"Dada Mwajuma, usimwambie mtu. Mwalimu akijua naumwa ataniacha."

"Utakufa na mashindano yako."

"Nimepata vidonge. Kesho nitakuwa mzima. Niapie hutasema."

Nikamwapia.

Jumatatu alisimama mstarini, mtu wa tatu kutoka kwangu. Macho yalikuwa mekundu kama pilipili. Mwalimu alipomshika vidole mkono wote ulitikisika mpaka begani. Alivinusa. Akavinusa tena, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Kisha akaviachia polepole na sauti ikashuka.

"Umevuta lini?"

"Sijavuta, mwalimu."

"Nimenusa."

"Nina homa, mwalimu."

"Jana asubuhi ulikimbia ukiwa mzima. Kila mvuta bangi ana homa siku ya Jumatatu."

Wengine walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kwa sababu si wao waliosimama pale. Kashindye aligeuza kichwa akanitazama. Hakuniomba kitu. Alinitazama tu, na nikaelewa kwamba ananifungulia kile kiapo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilifikiri habari ya ubao: atakayemtetea ni mwenzake. Nilimfikiria baba kibarazani, na wazee wenzake na kahawa yao, wakiambiwa binti amefukuzwa chuo pamoja na kijana wa kiume kwa ajili ya bangi. Nikatazama raba zangu.

Aliyesema ni Mzee Mrisho. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi, watumishi wamepangwa nyuma yetu, naye alitoka kwenye mstari na aproni yake.

"Mwalimu, mimi ni mtu mzima," alisema. "Kijana huyu anaumwa. Jana magharibi alikuja jikoni nikampa uji. Alitetemeka hata kikombe kikamshinda, nikamshika mikono mwenyewe ndipo akanywa."

"Ulimshika mikono."

"Nilimshika."

"Basi lete na wewe vidole."

Walitazamana, hao watani wa bao. Nadhani Mzee Mrisho alidhani ni mzaha. Alinyoosha mkono wake mnene wa mpishi, wenye harufu ya vitunguu ambayo sote tuliisikia tulipokuwa tumesimama. Mwalimu akainama.

"Hata wewe," akasema.

Saa sita mchana wote wawili walikuwa wameondoka. Kashindye alipakiwa kwenye lori la pamba lililokuwa linarudi Igunga, amejifunika lile blanketi. Mzee Mrisho alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya jikoni, akaenda zake mjini kwa miguu. Barua zao ziliandikwa alasiri hiyo hiyo, na sababu ilikuwa moja: bangi. Mwanza tulikwenda bila mkimbiaji wa masafa marefu, tukarudi mikono mitupu, na watu wakamsifu mwalimu zaidi. Walisema, huyu ndiye mtu wa msimamo, amemtoa hata kipenzi chake. Niliyasikia hayo kwenye treni, nikiwa nimekaa kiti cha nyuma yake.

Mwaka uliofuata golikipa wetu, mtoto wa mkubwa mmoja wa chama, alikutwa na misokoto mitatu ndani ya soksi. Hapakuwa na haja ya kunusa. Ilianguka chini mbele yetu sote. Mwalimu aliiokota. Akaitwa ofisini kwa mkuu wa chuo, akakaa huko mpaka mchana, akatoka akatangaza kwamba ni majani ya dawa ya kikohozi. Jumatatu iliyofuata alisimama mbele ya kijana yule, akashika vidole vyake, akanusa. "Safi," akasema. Siku hiyo alivuta sigara hata wakati wa mazoezi, na hakumtazama mtu.

Mzee Mrisho aliishia kuuza vitumbua karibu na soko. Hakuna ofisi iliyompokea tena. Mji ni mdogo na neno bangi lina miguu. Nilikuwa nikipita kwake kila Jumamosi.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Watoto wa chuo hawajambo?"

Siku moja nilijikaza nikamwambia kwamba nilijua Kashindye anaumwa, na nilinyamaza. Aligeuza kitumbua kwenye kikaango kwanza. "Ulikuwa mtoto," akasema. Aliniongezea kimoja, akakifunga kwenye karatasi. Alifariki mwaka huohuo. Mwalimu alikuja mazikoni, akashika jembe, akafukia kuliko wote, jasho likimtoka.

Kashindye alipopona alichunga ng'ombe wa baba yake. Kisha vijiji vikapangwa upya, watu wakahamishwa, na serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasani walimu wakawa haba. Kijiji chake kikamchagua afundishe. Alikuwa amebakiza muhula mmoja tu kuhitimu. Nani angefaa zaidi? Wilaya ikaandika chuoni kuuliza habari zake. Barua hiyo niliiona mezani kwa karani, na chini yake jalada lenye lile neno. Nilikwisha kujua habari ya panya. Nikaenda uwanjani.

Mwalimu alikuwa anachora mistari kwa chokaa, ameinama, kopo mkononi.

"Nimekuja kwa ajili ya Kashindye," nikasema. "Andika kwamba ulikosea. Mstari mmoja tu."

"Sheria ilikuwa wazi."

"Alikuwa na homa, mwalimu."

Aliendelea kumwaga chokaa. "Ulijua lini?"

"Jana yake. Alinieleza mwenyewe."

"Na ulisema lini?"

Alifika mwisho wa mstari, akanyooka, akajishika kiuno.

"Nikiandika leo kwamba sikunusa, Binti, kuna wengine niliowatoa. Nao niwaandikie? Na waliobaki, wanaoniogopa mpaka leo wasiguse ule uchafu, niwaambie nini?"

"Waambie kweli."

"Kweli," alisema, kama anaonja neno. "Kwanza nenda kaiseme yako."

Nilikwenda nikaisema. Niliandika barua kurasa mbili kwa jina langu kamili. Jibu lilikuja baada ya miezi: ushahidi wa mtu aliyekuwepo akanyamaza hauwezi kufuta uamuzi wa chuo, na jalada limefungwa. Kashindye hakufundisha. Nilisikia amehamia Urambo kulima tumbaku.

Nilimwona mwalimu mara ya mwisho katika miaka ile ya dhiki, sukari kwa foleni na kitenge kwa kibali. Alikwisha kustaafu, amefiwa na mkewe, amejenga chumba na ukumbi Kwihara. Nilipata habari kwamba kifua kimemharibikia, nikaenda kumjulia hali. Alikuwa amekonda hata shingo ile nene imekuwa ya mtoto. Hatukuongea sana. Nilipoaga akanishika mkono.

"Yule kijana wa Igunga. Unajua anakoishi?"

"Najua."

"Nipeleke kabla sijafa."

Tulipanda basi la asubuhi mpaka Urambo, kisha tukatembea, tukipumzika kila mara akohoe. Kashindye tulimkuta kwenye bani, anasukuma magogo motoni. Alikuwa na mvi. Alimtambua mwalimu papo hapo, akatupa gogo, akapangusa mikono kwenye suruali, akainama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kashindye."

Alifurahi. Hilo ndilo sikulitegemea. Alituletea viti, akaita wanawe mmoja mmoja waje wamsalimie mwalimu wa baba yao, akamwambia mkewe achinje kuku. Alizungumza habari ya tumbaku, mvua, na shule ya kijiji isiyo na walimu. Mwalimu aliitikia, "Naam, naam," na kila mara nilipodhani sasa atasema, alikohoa. Chakula kikaletwa, mke akatunawisha, na Kashindye akiwa amemega tonge la kwanza akasema mwenyewe, bila kuulizwa:

"Miaka yote hii nimelitafuta jibu, mwalimu. Nani alinipaka bangi vidoleni. Maana mimi sikuigusa, na wewe si mtu wa kusema uongo. Nikaja kulipata. Ni yule mpishi. Ndiye pekee aliyenishika mikono jana yake. Alikuwa nayo, akanipaka, na asubuhi akajifanya kunitetea asishukiwe."

Mwalimu aliweka tonge lake kwenye sahani. Nilimsubiri. Nilihesabu kuku watatu waliopita uani.

"Kashindye," nikasema mimi, "mwalimu hanusi. Hajanusa kitu tangu kabla hatujafika pale. Aliona unatetemeka, basi. Nami nilijua ni homa, nikanyamaza. Mzee Mrisho hakukupaka kitu. Alifukuzwa kwa sababu yako."

Alimgeukia mwalimu. "Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema mwalimu, akitazama sahani.

Nilitegemea matusi. Nilitegemea atufukuze, na ningeshukuru. Alikaa tu, tonge mkononi, mpaka likapoa.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Alifariki. Zamani."

"Niliwahi kumkuta," Kashindye alisema taratibu. "Tabora, sokoni, anauza vitumbua. Aliniona akasimama, akaniita kwa jina. Akasema, mwanangu, ile homa iliisha? Nikamtemea mate miguuni, nikapita."

Akalirudisha tonge sahanini, akainuka, akaenda kwenye bani lake, na hakutoka tena. Tulikaa mpaka tukaona aibu ya kukaa. Mkewe ndiye aliyetusindikiza mpaka njia kuu, amembeba mtoto mgongoni, anageuka nyuma kutazama moshi.

"Baba Nkamba hajawahi kuacha wageni," akasema. "Mmemwambia nini mume wangu?"

Nilimwachia mwalimu ajibu. Alifunga kifungo cha juu cha koti lake, akakohoa, akasubiri pumzi irudi.

"Salamu, mama," alisema. "Tumemletea salamu tu." Na akatangulia kwenda kituo cha basi.